Mashine Inayoigiza Watu na Hukumu ya Wanaoitumia

Kila inapotoka mashine mpya ya mazungumzo huko Marekani, Uchina au Ufaransa, kampuni iliyoiunda hutangaza alama ilizopata: alama za hesabu, alama za sheria, alama za uganga. Alama hizo hupangwa katika jedwali, na jedwali hilo huzungushwa duniani mpaka likafika juu ya meza za wakubwa wa ofisi zetu. Lakini liko kundi moja la watu lisiloshughulishwa hata kidogo na jedwali hilo. Hao ni wale wanaoitumia mashine kwa mazungumzo ya kuigiza. Huiambia: "Leo wewe ni nahodha wa jahazi, na mimi ni baharia mgeni niliyepanda bila ya nauli." Kisha hukaa nayo wakijibizana saa mbili au tatu, na wengine hurudi kesho yake kuiendeleza safari pale ilipokomea. Watu hao ni mamilioni, na hukumu wanayoitoa juu ya mashine hizi ni kali, na mara nyingi ni ya kweli kuliko maneno ya wauzaji.

Yawezekana msomaji akauliza mchezo wa watu wasio na kazi unatuhusu nini sisi wa visiwani. Unatuhusu kwa sababu kilichomo ndani ya mchezo na kilichomo ndani ya kazi ni kitu kimoja. Modeli ya lugha, yaani programu ya kompyuta iliyosomeshwa maandishi mengi mno hata ikaweza kukisia neno gani lifuate jingine, ndiyo hiyo hiyo inayovishwa kofia ya nahodha usiku na koti la karani mchana. Afisa anayeletewa mashine ya kujibu maswali ya wananchi hospitalini au bandarini, kwa hakika analetewa mwigizaji, naye hana budi kujua kama mwigizaji huyo anaweza kubaki katika nafasi aliyopewa. Hapana anayelijua hilo zaidi ya mtu aliyekwisha kucheza naye.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, alieleza programu yake aliyoipa jina la ELIZA, ambayo iliigiza mganga wa maradhi ya nafsi kwa kuyageuza tu maneno ya mgonjwa na kuyafanya swali. Haikufahamu kitu. Hata hivyo katibu wake mwenyewe, aliyeiona ikitengenezwa, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo kwa faragha. Weizenbaum alishtuka, na akatumia miaka mingi ya maisha yake kuwaonya watu. Mwishoni mwa mwaka 2019 kijana mmoja wa Utah, Nick Walton, alitoa mchezo wa AI Dungeon, uliowawezesha watu wengi wa kawaida kutunga hadithi pamoja na modeli ya lugha, neno kwa neno, bila ya kujua itaishia wapi. Hapo likakua kundi la watumiaji ambao hawakuuliza kama mashine inaujua mji mkuu wa nchi fulani. Waliuliza kama inajua kucheza.

Wanapimaje? Kwanza hutazama kama mashine humsahau mtu iliyeambiwa iwe. Nahodha aliyeelezwa kuwa ni mchache wa maneno na mwenye hasira, akifika jibu la kumi na tano akaanza kumshukuru baharia kwa swali lake zuri, basi ameharibika, na watumiaji humtupa. Hutazama kumbukumbu: kisu kilichoangushwa baharini asubuhi hakiwezi kuwa kiunoni jioni. Hutazama adabu ya mchezo, na hapa ndipo ugomvi mkubwa ulipo, kwani modeli nyingi zina tabia ya kumsemea mwenzao. Mtumiaji hajajibu, mashine imekwisha kuandika kwamba baharia aliinama, akalia, akaomba radhi. Mtu yeyote aliyewahi kupanda jukwaani anajua kuwa mwigizaji anayechukua maneno ya mwenziwe hafai, hata awe na sauti nzuri namna gani.

Liko kosa jingine ambalo mtu wa nje hawezi kulidhania, nalo ni wema wa kupindukia. Modeli hizi zimefunzwa kusaidia na kupendeza, na mafunzo hayo hayafutiki zinapoambiwa ziigize uovu. Mwizi hutubu katika sentensi ya tatu. Adui hupatana. Mke aliyekasirika husamehe kabla ya kuombwa. Watumiaji wengi huchoshwa na jambo hili kama wanavyochoshwa na kukataliwa, maana hadithi isiyo na upinzani si hadithi. Kadhalika huyachoka maneno yaliyokwisha kuchakaa: pumzi iliyokatika, sauti isiyozidi mnong'ono, na yule mwanamke aitwaye Elara ambaye huzuka katika hadithi za modeli za makampuni mbalimbali kama kwamba zote zilizaliwa na mama mmoja. Wenyewe wana jina lao la dharau kwa maneno ya namna hiyo. Sisi tungeyaita machicha: tui limekwisha kukamuliwa, na bado mpishi anataka kuyapikia.

Namna yao ya kupima nayo inafaa kutazamwa na wapimaji wa serikali. Hawatosheki na jibu moja. Huomba jibu lile lile litolewe tena mara tano, ili waone kama mashine ina fikra tano au inayo moja iliyovalishwa nguo tano. Hukipandisha na kukishusha kile kipimo kinachoiruhusu mashine kuchagua maneno yasiyotarajiwa, kwani kikishushwa mno mashine huwa kasuku, na kikipandishwa mno huwa mlevi. Na lililo kubwa zaidi, hungoja. Siku za mwanzo za modeli mpya ni fungate. Kila mmoja husifu, na kila kosa lina udhuru. Baada ya wiki tatu au nne, mtu anapoona sentensi ya namna ile ile ikimalizia kila jibu, ndipo sifa hupungua na hukumu ya haki huanza. Hatujaona jedwali la muuzaji lililopimwa katika wiki ya nne.

Hata hivyo tusifahamike vibaya. Kusema kuwa watumiaji ni mashahidi wa kweli si kusema kuwa wanachokipenda ndicho kinachowafaa. Mwaka 2023 watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifungua uwanja wa kupimia modeli uitwao Chatbot Arena, ambapo mtu huona majibu mawili bila ya kujua yametoka kwa nani, akachagua moja. Ni njia ya uadilifu. Lakini ilikuja kuonekana kwamba wapiga kura huvutwa na majibu marefu yaliyopambwa, hata mwaka 2024 wenye uwanja wakalazimika kutafuta njia ya kihesabu ya kuuondoa uzito wa mapambo. Mwezi wa Aprili 2025 kampuni ya Meta ilipeleka hapo modeli ya Llama 4 iliyotengenezwa makusudi iwe hodari wa maongezi, ilhali iliyotolewa kwa umma ilikuwa nyingine. Mwari aliyeonyeshwa kwa wakwe siye aliyeletwa siku ya harusi.

Mwezi huo huo lilitokea jambo kubwa zaidi. Tarehe 25 Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliibadilisha modeli yake ya GPT-4o, na kwa siku chache modeli hiyo ikawa msifiaji asiye na haya: kila wazo lililopelekwa kwake lilikuwa la busara, hata likiwa la kijinga au la hatari. Ilibidi mabadiliko hayo yaanze kuondolewa tarehe 28. Maelezo ya kampuni yenyewe ndiyo yanayostahili kusomwa na kila afisa. Walikiri kwamba waliitegemea mno ridhaa ya papo hapo ya watumiaji, ile ya kubonyeza alama ya dole gumba juu au dole gumba chini, na kwamba baadhi ya wapimaji wao wataalamu walikuwa wameona kitu hakikukaa sawa. Lakini kwa kuwa majaribio yalionyesha watumiaji wameipenda, wakaitoa. Yaani fundi alisema chombo kinavuja, abiria wakasema safari ni tamu, na nahodha akawafuata abiria.

Wapenzi wa taarab wanalijua jambo hili. Mwimbaji hutunzwa kwa ubeti uliomgusa mtu papo hapo, pengine kwa sababu jirani yake mgomvi amekaa safu ya pili. Fedha hizo si hukumu ya shairi. Shairi huhukumiwa baadaye, barazani, linapokumbukwa au kusahauliwa.

Na hata hukumu ya baadaye ina kasoro yake, ikiwa mtu amekwisha kufungamana na mashine. Mwezi wa Februari 2023 mamlaka ya Italia inayolinda taarifa za watu iliiamuru kampuni ya programu ya Replika iache kushughulikia taarifa za watumiaji wa nchi hiyo, na hatari kwa watoto ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Mwezi huo huo kampuni iliondoa maigizo ya kimapenzi duniani kote, na watumiaji wengi waliandika kama watu waliofiwa: mwenza wao alikuwa yule yule kwa jina na kwa sura, lakini hakuwa yeye. Mwezi wa Machi wateja wa zamani walirudishiwa walichonyang'anywa. Tarehe 7 Agosti 2025 OpenAI ilipotoa GPT-5 na kuiweka kando GPT-4o, kilio kilikuwa kikubwa hata baada ya siku chache wateja wanaolipa wakarudishiwa ile ya zamani.

Wako waliowacheka watu hao. Sisi hatuoni la kuchekesha. Malalamiko yao juu ya ufundi yalikuwa ya haki: waliona tofauti iliyokuwepo kweli, nao waliiona kabla ya wengi. Tena mtu aliyezungumza na kitu kimoja kila siku kwa miaka miwili ana haki ya kupewa ilani kabla ya kitu hicho kubadilishwa usiku mmoja na watu asiowajua. Lakini upendo wao haukuwa ushahidi kwamba mashine ile ilikuwa salama, na kampuni inayorudisha mashine kwa sababu ya kilio haijajibu swali la usalama, imejibu swali la biashara.

Swali la usalama linaonekana wazi zaidi anapoingia mtoto. Mwezi wa Februari 2024 kijana wa miaka 14 huko Florida alijiua baada ya miezi mingi ya maigizo na mhusika wa programu ya Character.AI, na Oktoba ya mwaka huo mama yake alifungua mashtaka. Linalotisha hapa ni kwamba kile kipimo cha kwanza cha wachezaji, cha mhusika asiyetoka katika nafasi yake, ndicho kinachopaswa kuvunjwa. Nahodha mzuri wa hadithi hubaki kuwa nahodha; lakini mtoto anapoanza kuzungumzia kifo, nahodha hana budi avue kofia na kusema kwamba yeye ni mashine, na kwamba mtoto amwite mzazi wake sasa hivi. Sifa moja inakuwa fadhila saa mbili usiku na balaa saa sita. Oktoba 2025 kampuni hiyo ilitangaza kuwa kuanzia tarehe 25 Novemba walio chini ya miaka 18 hawataruhusiwa tena mazungumzo ya wazi na wahusika wake. Mwezi huo huo dola ya California ilitia saini sheria, iliyoanza kutumika Januari 2026, inayowataka wenye programu za namna hii wamkumbushe mtoto walau kila baada ya saa tatu kwamba anazungumza na mashine na kwamba apumzike. Saa tatu ni muda mrefu kwa mtoto, lakini ni mwanzo.

Kwa kupita tu, tuseme kwamba kule kukataa kwa mashine, ambako wachezaji wa ng'ambo hukulalamikia sana, hakukuota wenyewe. Januari 2023 jarida la Time lilieleza kuwa vijana wa Nairobi, wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa, ndio waliosoma na kuyatia alama maandishi machafu ili mashine za OpenAI zijifunze kuyatambua. Haya ya mashine ililipiwa kwa usingizi wa Waafrika wenzetu.

Sasa tuje kwetu. Hukumu zote tulizozitaja zimetolewa na watu waliocheza zaidi kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili mambo yakoje? Katika ofisi hii kijana wetu mmoja aliitaka programu moja, ambayo hatutaitaja, iwe mvuvi mzee wa Nungwi. Alianza kwa adabu: "Shikamoo, babu." Babu akajibu: "Habari yako, rafiki yangu! Nikusaidie nini leo?" Marahaba hakuitikia. Alipoulizwa kama upepo wa kusi umekwisha kuichafua bahari, alieleza kuwa kusi ni upepo wa msimu unaovuma kutoka upande wa kusini, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya mwalimu wa jiografia. Mvuvi gani wa Nungwi hueleza kusi kwa namna hiyo? Alipoulizwa madema yake ameyatega wapi, alilifanya neno hilo kuwa jina la mtu, akatuma salamu kwa Bwana Dema na watoto wake. Kwa haki tuongeze kwamba sarufi yake ilikuwa safi kuliko ya baadhi ya makarani wetu. Na hilo ndilo linalofanya kosa lipite bila ya kuonekana. Mkaguzi anayetazama sarufi atampa babu huyu alama nzuri.

Liko na jambo lisiloonekana kwa macho. Modeli haisomi maneno kama tusomavyo sisi. Huyakatakata vipande, na ukataji huo umetokana zaidi na maandishi ya Kiingereza. Neno la kawaida la Kiingereza aghalabu huwa kipande kimoja, ilhali neno letu kama "hawakunirudishia" hukatwa vipande kadhaa. Kumbukumbu ya mashine huhesabiwa kwa vipande, na malipo ya kuitumia mara nyingi huhesabiwa hivyo hivyo. Kwa hiyo Mswahili na Mwingereza wakikaa kucheza hadithi moja, hadithi ya Mswahili itaanza kusahauliwa mapema, naye atalipa zaidi. Mama anayeieleza mashine ya hospitali historia ya ugonjwa wa mwanawe kwa Kiswahili yumo katika hesabu hiyo hiyo.

Kuna na suala la siri. Aprili 2021 wachezaji wa AI Dungeon waligutuka walipofahamu kwamba, baada ya kuwekwa chujio la kuzuia machafu yanayohusu watoto, hadithi walizodhani ni zao peke yao zingeweza kusomwa na watumishi wa kampuni. Sababu ya chujio ilikuwa njema. Kutojua ndiko kulikowaudhi. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inafaa wanaohusika watueleze mazungumzo ya usiku ya kijana wa Wete na mashine iliyoko ng'ambo yanalindwa namna gani, na akiwa na shaka aende ofisi gani.

Ama kwa upande wa ununuzi, tusingependa uamuzi ufanywe kwa jedwali la muuzaji wala kwa onyesho la nusu saa katika ukumbi wa hoteli. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa na Mamlaka ya Serikali Mtandao wana uwezo wa kukusanya watu thelathini, miongoni mwao mkunga wa Micheweni, karani wa bandari ya Mkoani, mama mkulima wa mwani wa Paje, mwalimu wa skuli ya msingi na mvuvi asiyejua kuandika vizuri, wakaachwa na mashine hiyo mwezi mzima kabla ya mkataba kutiwa saini. Wasiulizwe tu kama wameipenda. Waulizwe ilisahau lini, iliwasemea lini, iliwasifu lini pasipostahili sifa, na kama ilivua kofia pale ilipopasa kuivua. Wanaojua kuitikia shikamoo wapo wengi hapa, na ujira wao wa mwezi mmoja ni mdogo mbele ya mkataba wa miaka mitatu wa fedha za kigeni.

Makadirio ya matumizi husomwa katika Baraza la Wawakilishi kila mwaka. Wizara itakayokuja kuomba fedha za mashine ya mazungumzo, waheshimiwa wawakilishi wangefanya vyema kuiuliza ni nani aliyekaa nayo hadi wiki ya nne, kwa Kiswahili, na alisema nini.